Antena Yako Tunaanikia Nguo

Nyumba ya pili kutoka mnara wa redio,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Binamu Mtaalamu,

Hujambo? Mjomba naye hajambo? Goti lake limepoa? Huku tu wazima; Mama anakula vizuri na anagomba vizuri zaidi. Salamu zimeishia hapo. Sasa kaa kitako nikuchambue.

Nani alikutuma umpigie Mama simu umwambie mimi ndiye niliyeharibu redio? "Shangazi, huyo mwanao hata plagi hajui kuchomeka!" Simu ilikuwa kwenye spika, bwana. Nimesikia yote, sufuria mkononi. Mimi! Niliyepikia mabaharia wa kila taifa, nikatengeneza jokofu la meli kwa kijiko, dhoruba inatupiga! Mimi na shule tuliachana mapema kwa amani, lakini mikono hii ina digrii.

Redio ile unajua ni ya nini. Dada anapita na ndege yake juu ya paa letu akienda kutua, kisha anageuza na kuondoka bila kukanyaga nyumbani. Macho ya Mama hayaioni tena ndege. Kilichobaki ni kuisikia sauti ya bintiye akiongea na waongoza ndege. Na katikati ya mwezi huu Dada anahamishiwa safari nyingine, hapiti tena huku.

Ndipo wale watu wa muziki wakasimika mnara wao nyuma ya choo chetu. Marubani wakachanganyika na matangazo ya sabuni. Nikakuomba ushauri, nawe kwa majivuno yako ukatuma liantena refu kama ulimi wako, eti kubwa ndiyo dawa. Dawa gani? Nimelipandisha paani nusura nivunje shingo, na marubani wakapotea kabisa! Zungusha kitufe utakavyo, muziki tu. Mama akasema zima, akageukia ukuta. Kwa hilo sikusamehe.

Juzi, simu yako imekatika tu, na saa ya Dada imefika, nimeiwasha redio ni muziki uleule, hasira zikanipanda. Nikaukamata waya wa antena yako niung'oe, niutupe jalalani. Ulipochomoka nusu, muziki ukafa. Ikatoka sauti ya mwanamke, safi, inataja namba zake.

Sasa nakufundisha bure, Mtaalamu: mnara unaipigia redio kelele sikioni, nawe ukaja kulipanua sikio! Redio ikapumbaa. Ndege iko juu ya paa, ya nini antena ya kuvulia mwezi? Nimechomeka kiwaya kifupi kama kidole, nikapunguza na nguvu ya kupokea. Kwisha kazi.

Mama alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Dada alisema maneno machache tu, ya kikazi, Mama hayajui hata moja. Nikamuuliza, umemsikia? Akajibu, "Ana mafua huyo. Mwambie avae sweta." Jioni nikampigia Dada. Kweli, pua imeziba.

Kwa hiyo utampigia Mama umwombe radhi, kwenye spika vilevile, nikisikia.

Msalimie sana Mjomba, na shemeji anayekuvumilia. Mungu akutunze, akuongezee na haya kidogo.

Jumamosi ijayo mchana Dada anapita mara ya mwisho. Piga simu mapema, nitaiweka karibu na redio umsikie na wewe. Lakini ukifungua mdomo kutoa ushauri, nakata.

Wako akupendaye kwa shida,
Mpishi wa Meli