Maji ya Jumamosi

Baba,

Pikapu yako ilikataa kuwaka tena, na safari hii nilijua kuna mkono wa mtu.

Unanijua nilivyo, jicho la kushuku nililirithi kwako. Tangu tukuzike, Baba mdogo Ouma amekuwa akiniuliza, kwa huruma iliyozidi, kama kweli nitaweza kubeba samaki kutoka Dunga hadi kwa wateja wako wa Milimani. "Hiyo gari inataka mwanaume," ananiambia. "Wacha niipeleke kwangu Asembo."

Nilifungua boneti. Betri ilikuwa imelowa juu yote. Vifuniko vya maji vilikuwa vimelegea, grisi uliyopaka kwenye vichwa vya betri imefutika, na mahali pake pameota unga wa kijani. Wewe ulikuwa ukiongeza maji ya betri yafunike sahani za ndani tu, tena baada ya kuchaji, halafu unakaza kila kifuniko. Hii ilikuwa imejazwa mpaka inamwaga asidi. Nikajiambia, mtu anaiua makusudi ili nichoke nimwachie gari.

Nikaanza upelelezi. Nilichora alama ya chaki kwenye ukingo wa boneti, na haikuchukua muda nikaikuta imekatika. Baba mdogo alipokuja kunywa chai, sikusikia alichosema. Nilikuwa nakagua mikono yake. Shimo dogo kwenye leso ya Mama nililiona, nikadhani ni cheche ya jiko.

Jumamosi niliaga kwamba naenda Dunga, nikazunguka nyumba na kurudi. Boneti ilikuwa wazi. Aliyeinama juu ya betri, uso karibu uiguse, alikuwa Mama, na jagi la maji ya mvua kutoka kwenye tangi.

"Baba yako alikuwa anaiwekea maji kila Jumamosi," akasema, bila hata kushtuka. "Sasa nani ataiwekea, nyathina, mwanangu?"

Kumbe miaka yote alikuwa akikutazama kutoka mlango wa jikoni. Alikuona ukiinama pale, lakini hakujua kwamba siku nyingi ulikuwa unachungulia tu na kufunga. Wala hakujua ile chupa nyuma ya kiti ilikuwa na maji ya betri, yasiyo na chumvi wala uchafu wa mabati. Nilitaka kumgombeza, nikaishia kulia. Asidi iliyotoboa leso ingemwingia machoni, Baba. Machoni! Wewe umeshaondoka. Nisingeweza kuanza kumwongoza yeye kwa mkono.

Tumeweka betri mpya. Baba mdogo ndiye aliyeileta, akaifunga mwenyewe, na bado nilikagua vifuniko mbele yake, kimoja kimoja. Usinicheke. Chaki pia sijaitupa.

Pumzika sasa, Baba. Nakuahidi kwamba kila Jumamosi tutaifungua pamoja, mimi na Mama, injini ikiwa imezimwa, bila jiko wala kiberiti karibu. Atavaa miwani yako ya kazi. Mkanda wa miwani unampwaya, lakini amekataa niupunguze. Anasema hicho ni kipimo cha kichwa chako. Basi nitasimama nyuma yake niishikilie kwa mkono, mpaka amalize kutazama.

Binti yako,
Akinyi