Darasa Nililoliruka

Mpendwa mwanangu Mwanaidi,

Nina miaka sabini na moja. Nimezika wake wawili, na viwanda viwili nilivyovitumikia vimeshauzwa kwa matajiri, mie bado natembea bila mkongojo. Hapa Temeke hakuna wa rika langu anayeniweza. Lakini barua hii imenichukua siku nne, na si kwa ajili ya herufi tu.

Unakumbuka ulipohamia kwangu baada ya msiba wa baba yako, ukaanza chuo kilekile nilikokuwa mlinzi? Tulikuwa tunakula, ukaniuliza, "Hivi baba mkubwa, pale chuoni unafanyaga nini hasa?"

"Mie ndiye mkuu wa ulinzi. Walinzi wote wananipigia saluti."

"Na mkuu wa chuo?"

"Yeye anakohoa kwanza, ndiyo anipite."

Ulicheka mpaka ukapaliwa.

Mwanangu, hakuna aliyenipigia saluti. Kazi yangu ilikuwa kuwasindikiza wasichana wa masomo ya jioni, kutoka getini hadi kituo cha basi, nimeshika tochi, wengine wakinibebesha na madaftari. Mama mshauri wa wanafunzi aliniagiza, "Mzee, pita kila darasa uwaambie. Ni bure, waje tu kibandani kwako." Nikapita. Lako nikaliruka. Ningesimamaje mbele yako na tochi, baada ya yale maneno ya saluti? Nikajisemea, atasikia kwa wenzake. Hukusikia, ulikuwa mgeni.

Jioni ile vibaka walipokukimbiza ukaanguka mtaroni, ukavunjika mkono, ulikuwa umetoka kunipita getini. "Shikamoo, baba mkubwa." Nikaitikia marahaba, nikabaki nimekaa kibandani.

Hospitali ukasema, "Ningejua kuna wa kunisindikiza, ningesubiri." Mtaani nikawaambia watu, hata mama yako, kwamba wewe ni mkaidi, husikii la mkubwa. Hilo ndilo linalonila. Ukaacha chuo, ukarudi Tanga kwa mama yako.

Siku hizi napita madarasa yote, wakija wapya narudia. Nawaambia kumsubiri mzee wa tochi si woga. Wananicheka, halafu wanakuja. Na kwa kusindikiza, hakuna anayenifikia.

Sikuombi urudi. Nataka mama yako asome hapa kwamba mkaidi nilikuwa mie.

Akiona natunga, amuulize Mama Semeni, muuza mihogo wa pale getini. Alikuwepo nikikuitikia. Tangu siku ile haniuzii.

Kaa salama, mwanangu.

Mie, baba yako mkubwa