Usukani wa Landrova ya Plastiki

Kilimatinde,
S.L.P. 31,
Manyoni.
11 Agosti 2024

Mpendwa kaka Shukuru,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Bremen, wewe, wifi Loyce na watoto. Sisi hapa ni mafua tu ya upepo huu wa Agosti. Mimi nina mshtuko ulionitoa hata hamu ya kula. Ningekupigia simu, ila najijua, ningelia tu mpaka ukate.

Boksi lako lilifika salama. Kaka, kumtumia fundi cherehani kama mimi Landrova ya plastiki, vipande mia na kitu, maelekezo yote Kijerumani, huo ni uchokozi. Lakini ulisema ni sawasawa na ile ya tajiri wa asali wa Itigi, ambayo marehemu baba mkubwa Abraham aliiendesha, na baba yangu akiwa utingo wake. Ukaomba niiunge na kuipaka rangi pamoja na baba, kisha nikutumie picha, uone baba yako kwenye usukani kabla ya ile ajali. Ningekataaje?

Ilituchukua wiki tatu. Vipande nilivikata kwa wembe, vile vidogo nikavishika kwa kibanio cha nyusi. Baba alikaa na miwani yake akikosoa. Rangi ya kwenye boksi ilikuwa ya kijani, yeye anataka kijivu, nikachanganya mara nne ndipo akaridhika. Taa za nyuma nilipaka rangi ya kucha ya binti yangu Belinda. Kila kipande kilikaukia chini ya ungo, maana vumbi la hapa unalijua. Nilifurahi sana. Baba hajawahi kuongea nami vile.

Jumamosi ya tarehe tatu nikabandika wale watu wawili. Baba mkubwa nilimpaka kofia nyekundu, nikamketisha kulia, baba nikamweka kushoto. Sisi dereva wetu anakaa kulia, sikuwaza mara mbili. Gundi ilikwisha kauka nilipoweka dashibodi, nikaona usukani wa Wajerumani uko kushoto, mbele ya baba. Nikajicheka, nikachukua wembe niwabadilishe viti.

Baba akanishika mkono. "Waache hivyo hivyo, Martina. Siku ile usukani nilikuwa nao mimi."

Nilidhani ni uzee. Haukuwa uzee. Alikuwa anajifunza, leseni hana, akamwomba kaka yake amwachie usukani kwenye mteremko wa hapa kwetu. Gari likapinduka, Kefa mpakiaji akafa. Kabla watu hawajafika, baba mkubwa akamwambia: wewe mkeo ni mjamzito, nyamaza, nitasema ni mimi. Mimba hiyo ni mimi, kaka.

Baba yako alikaa gerezani miaka miwili, akanyang'anywa leseni, akahama. Wewe ukaitwa mtoto wa muuaji mpaka ukaapa hutakanyaga tena Kilimatinde. Muda wote huo mimi ninalelewa na baba yangu, ninasomeshwa. Hata jeneza la baba mkubwa alilibeba akiwa kimya. Namkasirikia mpaka nashindwa kumtazama, kisha nampelekea uji, kisha namkasirikia upya.

Nilimwambia asiposema yeye, nitasema mimi. Jana tulikwenda kwa mama yake Kefa, bibi Dina. Baba alivua kofia akasema yote pale mlangoni, kiti akakikataa. Bibi hakulia wala kufoka. Aliuliza jambo moja: "Mtoto wa Abraham anajua?" Ndiyo maana naandika leo.

Wale watu sijawabandua. Picha ni hii nimeiweka humu. Baba yako ni huyo mwenye kofia nyekundu, amekaa kama abiria.

Belinda anakusalimia, anadai rangi yake ya kucha. Bibi Dina amesema nikusalimu sana, tena amerudia mara mbili. Wabusu watoto, mwambie wifi namkumbuka. Mungu awatunze huko mliko, na baba mkubwa ampe pumziko alilonyimwa na sisi.

Baba hajatuma salamu. Nilipomuuliza, alisema usome kwanza, kisha useme kama utazipokea.

Dada yako akupendaye,
Martina