Dawa Niliyomuuzia Mama Bila Kujua

Jumatano, Rujewa. Joto la leo limezidi. Mvua imegoma tangu Jumapili na vumbi la mashine za kukobolea mpunga limetanda hadi kwenye rafu zangu. Nilifungua duka saa mbili asubuhi, saa tano nikafunga. Nimebandika kipande cha boksi mlangoni, nimeandika nina dharura. Dharura yenyewe ni kwamba nimeshindwa kusimama kaunta.

Sina pa kusemea, kwa hiyo nasemea hapa.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nina duka la dawa muhimu. Mimi si daktari, wala si mfamasia. Nilisoma ile kozi ya watoa dawa, cheti kipo ukutani, na huu ni mwaka wangu wa tisa kaunta. Mama yangu ana miaka hamsini na tisa. Baba alipofariki, mama alihama Igowole akaja kuishi karibu nami, ng'ambo ya mfereji, akakodi majaruba mawili ya mpunga. Igowole ni baridi, kule ni mahindi na viazi, mpunga alikuwa anauona kwenye sahani tu. Lakini msimu wa kwanza alijifunza kupandikiza, msimu wa pili akawa anawacheka wanaochelewa mstari.

Hapa Usangu wanawake wanapandikiza kwa kikundi. Kumi, kumi na wawili, wameinama ndani ya maji tangu asubuhi, leo shamba la huyu, kesho la yule. Wiki tatu za maji yale si mchezo. Miguu inachubuka, mgongo unakataa, na huko chini wengi wanaanza kuwashwa na kutokwa uchafu. Wenyewe wameupa jina, ugonjwa wa maji, na ukishaitwa hivyo basi umeshaeleweka, hakuna swali.

Na hakuna anayekuja dukani kujieleza. Kikundi kinamtuma mmoja. Anakuja na orodha yake kichwani: panado za huyu, dawa ya kuchua ya yule, na "ile dawa ya ugonjwa wa maji, kuna mama mmoja anasumbuliwa." Mama mmoja. Hawatajani majina. Ndiyo staha yao, na mimi niliiheshimu. Niseme ukweli, niliipenda pia. Ilinirahisishia kazi.

Aliyekuwa anatumwa kwangu ni Mama Furaha, jirani yake mama. Mwanamke mwenye maneno mengi, mcheshi, akiingia dukani hata mwenye homa anacheka. Mara ya kwanza alikuja msimu ulipoanza. Nikampa vidonge vya fangasi. Akarudi, nikampa vya bakteria. Akarudi tena, nikachanganya vyote viwili. Kwetu hapa kila kitu ni fangasi au UTI, na sisi wauzaji ndio tuliowafundisha watu hivyo, tusidanganyane.

Sijui ilikuwa mara ya nne au ya tano, alisogea karibu na kaunta akashusha sauti. Akasema yule mama anasema bado, tena sasa ni majimaji mengi, yananuka, na rangi yake ni kama maji ya kuoshea nyama.

Nilikuwa na mtoto mwenye degedege mbele yangu na mama yake analia. Nikamjibu Mama Furaha bila hata kugeuka. Nikamwambia, "Ni maji hayo hayo ya majarubani, ng'ombe wanakunywa humo humo. Aendelee na dawa, asiache katikati."

Maji ya kuoshea nyama! Hata anayeuza mkaa angeshtuka. Nilifundishwa. Nilikaa darasani nikaandika kwenye daftari kwamba mwanamke akitokwa na majimaji yenye damudamu nje ya siku zake, au baada ya tendo, au akiwa ameshakoma hedhi, usimuuzie kitu, mpeleke hospitali. Swali moja tu lingetosha: huyo mama ana umri gani? Sikuuliza. Kuuliza umri kungekuwa kama kuuliza jina, nikajiambia. Uongo. Nilikuwa na haraka.

Wiki mbili zilizopita mama hakuja kanisani. Mama yangu haachi kwaya ya akina mama hata akiwa na malaria. Nikaenda kwake baada ya ibada. Nilimkuta amelala, amekonda usoni, anasema ni uchovu wa palizi tu. Nikaanza kumfulia. Nyuma ya mlango, ndani, mahali ambapo jua halifiki, kulikuwa na kamba, na kwenye kamba vipande vya kitenge vimeanikwa. Mama aliacha kuona siku zake miaka saba nyuma. Nilijua kwa sababu mwaka ule alinipa mimi vitambaa vyake vyote na kusema yeye ameshamaliza.

Nikafungua kabati nitafute sabuni. Kwenye kopo la biskuti nikakuta bahasha za dawa. Zile ndogo za karatasi, tunazoandikia kidonge kimoja mara mbili. Zilikuwa saba, zimenyooshwa vizuri, zimepangwa. Mwandiko ulikuwa wangu.

Jamani.

Nilikaa chini pale pale, kwenye sakafu yenye maji ya sabuni.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alinitazama kama nimemtukana. Kwetu mambo hayo mama hamwambii mtoto wake, ni ya shangazi na dada mtu, na wa kwake wote tumeshawazika. Basi kwa nini asiende duka lingine, mbona yapo manne barabara hii hii? Akasema maduka mengine dawa zao hazieleweki. Akasema, "Nilitaka za kwako." Halafu akaongeza kwamba hakuwa na wasiwasi sana, kwa sababu Mama Furaha alimletea majibu yangu. Mwanangu kasema ni maji, nisiache dawa katikati. Na hakuacha. Alimeza mpaka kidonge cha mwisho, bahasha zote saba.

Tangu siku hiyo nimeshindwa kumtazama Mama Furaha. Yeye hana kosa. Alibeba maneno yangu kama nilivyoyatoa.

Jumatatu hii, baada ya kumbembeleza wiki nzima, tulikwenda hospitali kubwa Mbeya. Mama alivaa kitenge chake kipya na kilemba, kama anakwenda harusini. Nesi alipoanza kumuuliza, yalianza lini, yana rangi gani, maumivu ya kiuno yapo, mama aliniangalia. Nikaelewa. Nikatoka nje. Nilikaa kwenye benchi na wanawake wengine, nikasikia sauti yake kupitia mlango, chini chini, anaeleza kila kitu kwa mtu asiyemjua. Alieleza kwa muda mrefu. Kumbe alikuwa na mengi.

Baadaye daktari akaniita. Kijana mpole, hana haraka. Alisema shingo ya kizazi ina kidonda, wamekata kinyama kidogo cha kupima, majibu yatachukua muda, wiki mbili au tatu. Kuna vitu vinavyofanana, alisema, hata konokono wa kwenye maji wana ugonjwa wao wa kichocho unaoweza kuleta vidonda huko, kwa hiyo tusihukumu. Lakini alipokuwa anasema tusihukumu alikuwa anaangalia meza.

Halafu akauliza mgonjwa ametumia dawa gani. Mama akafungua mkoba, akatoa bahasha zote saba, akampa kwa mikono miwili. Daktari akazisoma moja moja. Akauliza nani aliyekuwa anampa dawa hizi miezi yote hii bila kumpima.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

Mama akaniwahi. "Nilinunua tu dukani, baba. Hata sikumbuki duka gani."

Nikaufunga.

Ninasoma niliyoandika na naona aibu, lakini nitaacha. Na kama kuna mwanamke amefika hadi hapa, nitamwambia yale ambayo ningepaswa kumwambia Mama Furaha. Ute wa huko chini ni kitu cha kawaida. Unabadilika ndani ya mwezi, kuna siku ni mwepesi na unavutika, kuna siku ni mzito na mweupe, na hauna harufu kali. Huo si ugonjwa, usiusafishe kwa sabuni wala ndimu wala limao, kwa sababu kuosha ndani ndiko kunakokaribisha matatizo. Ukigeuka mzito kama maziwa mgando na unawasha vibaya, pengine ni fangasi kweli. Ukiwa wa kijivu na unanuka kama samaki, au wa njano au kijani wenye povu, hiyo si fangasi, inataka dawa nyingine, na mara nyingine inamtaka mwenzio naye atibiwe. Usimeze za jirani. Ukiwa mjamzito, au una homa, au tumbo la chini linauma, usije kwangu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Umetumia dawa mara moja hali ikarudi, nenda. Na damu, hata iwe kidogo kama rangi tu, kama si siku zako au siku zako zilishakoma, usimtume mtu. Nenda mwenyewe.

Nimeyaandika kwa dakika tano. Dakika tano tu, na nilikuwa na miezi minne.

Leo asubuhi kabla sijafunga duka alikuja mwanamke akaomba dawa ya fangasi. Nikamuuliza umri, nikamuuliza rangi, harufu, siku zake. Akakasirika, akaniuliza nimekuwa polisi lini, akaenda duka la jirani. Nilimwona kupitia dirisha akitoka na mfuko. Sikuwa na la kufanya. Nilirudi nyuma ya kaunta nikaangalia mikono yangu.

Mama yuko kwangu sasa. Analala kitandani kwangu, mimi nimetandika godoro chini. Hataki uji, hataki chai, anataka tu viazi vya Igowole, kana kwamba vinauzwa dukani kwangu. Damu haijakoma. Ninabadilisha vitambaa nikiwa nimeangalia ukuta, naye anaangalia ukuta mwingine. Ninajua majina ya dawa zaidi ya mia mbili, na hakuna hata moja ya kumpa. Panado. Ninampa panado.

Majibu yakiwa mabaya, kuna safari nyingine ndefu zaidi. Yakiwa mazuri, sijui nitamshukuru Mungu kwa uso gani. Kutwa nzima nahesabu. Kama ningemuuliza Mama Furaha ile mara ya kwanza. Ya pili. Hata ya tano. Daktari hakusema kama miezi minne inabadilisha kitu, na mimi nimeogopa kumuuliza.

Jioni hii nilikuwa namkanda miguu. Imevimba kidogo. Redio ya jirani ilikuwa inasoma salamu. Ghafla akasema, bila kunitazama, kwamba nesi wa Mbeya alimweleza kuna kipimo cha shingo ya kizazi wanawake wanafanyiwa kabla hawajaumwa kabisa, wanapaka siki tu, dakika chache, tena bure. Kwamba ukianza miaka thelathini unatakiwa kwenda. Aliyasema polepole, kama anatafuta njia gizani. Maisha yangu yote hajawahi kuzungumza nami jambo la namna ile.

Kisha akaniuliza. Aliuliza kwa Kihehe, kwa sauti ya chini, kama bibi angeniuliza. "Na wewe, umeshapimwa?"

Nina miaka thelathini na sita. Bango la kipimo hicho limebandikwa kwenye mlango wa duka langu, nilibandika mwenyewe, na sijawahi kwenda.

Nikamwambia ndiyo, mama, nilishapimwa.

Akashusha pumzi. Akasema afadhali. Akageukia ukutani, na baada ya muda mfupi akapata usingizi, usingizi wake wa kwanza mzuri tangu Jumatatu, na mimi nimeshika mguu wake hapa sijui niuachieje.