Nilimwambia Nesi Hapana

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Tumeitwa! Mimi na Marselina, mtoto wa mama mdogo. Kazi ya mapokezi, kambi ya watalii Mikumi. Alhamisi tukapimwe afya, na mkojo pia — wanatafuta bangi na madawa ya kulevya. Mama kachinja jogoo. Ila sifa zote kwa Marselina: Kiingereza chake, meno yake, hata anavyokaa kwenye kiti. Na aliyemtumia tangazo la kazi ni nani? Mimi!

Alhamisi, 11 Septemba
Mikumi. Vumbi la njia ya kijiji cha Ulaya hadi kwenye kope. Nesi ni mama mtu mzima. Shikamoo, marahaba, kikopo hiki, choo kile. Kisha akaniuliza kama kuna dawa ninayotumia. Marselina yuko nyuma ya pazia tu. Nikasema hapana.

Hapana! Na kidonge changu cha usiku nilimeza jana kama kawaida. Ndugu wote wanajua mwaka juzi nilipata malaria iliyopanda kichwani. Ndivyo Mama alivyowaambia. Wodi niliyolala hawaijui.

Zamu ya Marselina ilichukua muda. Nikawasikia wanacheka. Hata kwenye mkojo anapendwa!

Jumamosi, 13 Septemba
Marselina kapata kazi. Mimi — kimya.

Jumatatu, 15 Septemba
Nesi kapiga. Mkojo wangu una dawa za usingizi. Anauliza nimezipata wapi, kwa daktari au mtaani. Nikakata. Nikamtumia meseji kwamba mtandao unasumbua.

Jioni Marselina kaja kujaribu sare kwenye kioo chetu, eti cha kwao kidogo. Shati la kaki limemkaa! Nikamwambia linambana mgongoni. Uongo. Akalivua haraka, akaanza kukagua mishono. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kweli.

Jumanne, 16 Septemba
Marselina karudi. Kasikia kwa Mama kwamba Mikumi walipiga na tangu hapo nimenuna. Nikajiandaa kwa pole zake. Badala yake akafunga mlango wa chumba, akasema: Dada, vidonge vyako niliwahi kuviona; hata mimi nina vyangu. Vya nini? Vya huzuni, tangu mwanawe alipofariki. Alimwambia nesi palepale. Nesi akampigia daktari wake hapa Kilosa, wakaelewana, yakaisha.

— Kwani wewe ulipoulizwa ulisemaje?

Nikatikisa kichwa, akaelewa. Msibani nilikuwepo. Nilidhani alishapoa.

Siku zote namwonea wivu meno na Kiingereza. Leo namwonea wivu mdomo! Kaufungua, kasema, kapata kazi. Mimi jina la ugonjwa wangu sijaliandika hata humu.

Anasema nimpigie nesi, nimwambie niliogopa, daktari wangu yupo, waongee naye. Rahisi kwake! Mama yake mwenyewe ndiye aliyempeleka kliniki. Wangu alikataza hata neno kliniki lisisikike nyumba hii.

Sasa katoka, yuko uani na Mama, wanachambua mchele. Simu inaita. Namba ya Mikumi. Marselina anapaza sauti: Dada, pokea! Mama naye: Nani huyo anayepiga?

Nyumba yetu ukuta ni mwembamba. Nitakalosema hapa, uani litafika.

Wameacha kuchambua wote wawili. Simu bado inaita, na mimi bado naandika