Ngozi ya Ndama Chini ya Injini

Ikoma

Mke wangu Mama Bhoke,

Kabla hujauliza lolote: mama yako yuko hai. Amepasuliwa tumbo hospitali ya misheni na sasa anakunywa uji. Kaa chini ndipo uendelee kusoma. Mimi ni mzima, mikono tu imechubuka. Bhoke kikohozi kimeisha? Na baba yangu, goti bado linamsumbua?

Juma lililopita mtu wa baiskeli alifika hapa gereji kutoka Nyambureti, kule mama yako alikokwenda kumtembelea mama yako mdogo, akasema mama yako tumbo limemkaza, hawezi hata kugeuka. Gari pekee lilikuwa lori la tajiri wangu, nalo injini iko wazi, cheni ya taimingi, ile inayozungusha gia za injini, imelegea kwa uzee. Tajiri alikuwa ameleta vipuri vya aina mbili kutoka Musoma, vyote si vya kiwanda kilichounda lori. Kimoja cheni peke yake, kingine cheni pamoja na gia zake. Marwa, dereva wetu, akasema, "Weka cheni tu, twende. Mgonjwa hangoji." Nilikataa. Cheni mpya juu ya meno ya gia yaliyolika itaruka, na porini hakuna wa kutuvuta. Nikafunga gia zote, alama zake za taimingi zikitazamana.

Ili kuokoa muda Marwa akafunga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Gasketi ya zamani, ile karatasi ngumu inayozuia oili isivuje, ilimvunjikia mikononi. Akafanya kama tunavyofanya nyumbani kitu kikivuja: akakata ngozi ya ndama, akaipaka samli, akakaza. Hakuniambia.

Huko Nyambureti tulimpakia mama yako nyuma, mama mdogo akimshika kichwa. Mimi nilikaa mbele na sikugeuka, unajua mwiko wetu, mkwe hamtazami wala hamgusi mama mkwe. Katikati ya mbuga mshale wa oili kwenye dashibodi ukaanza kushuka. Nikamwambia Marwa asimame. Ngozi ilikuwa imepata moto ikajikunja, oili inachuruzika. Nilikasirika sana.

Tukafungua sampu, oili iliyobaki tukaikinga kwenye karai. Nikakata gasketi kutoka kwenye boksi la zile gia, nikaipaka sabuni ya mche pande zote. Marwa alitaka kukaza kwa nguvu zake zote. Nikamnyang'anya spana, maana ukingo ukipinda hakuna kitakachoziba. Unakaza kidogo kidogo, upande huu kisha ule.

Jua lilikuwa kali na lori halina turubai. Mama mdogo akaita, "Mkwe, mama anaungua. Mteremsheni kivulini, mimi simwezi."

Marwa tumetahiriwa naye saro moja, rika moja la jando, kwa hiyo kwa mama yako ni mkwe kama mimi. "Mimi simgusi," akasema. "Wala wewe usimguse."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Halafu nikamsikia mama yako akiugua kwa sauti ndogo, nikapanda. Nilimfunika uso kwa shuka lake, nikambeba na mikono yangu ya oili. Alikuwa mwepesi mno, Mama Bhoke. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikamlaza chini ya mgunga, nikamalizia kukaza, tukarudishia oili ya karai, nikambeba tena kumrudisha.

Gasketi ya boksi ilishika mpaka hospitali. Daktari alisema tungechelewa kidogo tungemzika.

Marwa hatanyamaza, namjua. Nenda kwa baba yako umweleze kabla hajasikia kwenye pombe. Wazee wakitaka mbuzi wa kunitakasa, wapewe yule beberu mweusi. Msalimie mama yangu, na mdogo wangu Gati anayechunga ng'ombe, na shangazi aliyemlea Bhoke.

Jana nilipeleka uji hospitalini, nikaupitishia dirishani kwa mama mdogo bila kuchungulia. Nikamsikia mama yako akisema kwa nguvu, makusudi nisikie: "Nyumbani wakiuliza, mimi sikumwona aliyenibeba. Ila shuka langu linanuka oili, na silifui."

Mumeo,
Mwita