Niweke Oili Gani, na Fundi Anahama?

Eldoret, Jumamosi, Julai 2017

Mvua imeanza asubuhi na mpaka sasa haijaamua kama inakaa au inaenda. Nimevaa sweta mbili. Mwili umechoka kidogo, lakini kuna mahali pengine ndani nisipopajua jina, na hapo nimechoka sana.

Wiki hii nzima nimesumbuliwa na jambo ambalo wengine wataona ni dogo: niweke oili gani kwa gari langu.

Kwa macho ni gari la kawaida tu, jeusi, lenye buti ndefu. Lakini Fundi Kinuthia aliitoa turbo ya kiwandani, ile feni ya kuisukumia injini hewa, akafunga kubwa zaidi, akaweka bomba pana la moshi, na kompyuta ya injini ikapangwa upya. Ndilo gari ninaloendea kazini kila siku. Mwalimu wa shule ya msingi, kutoka Eldoret mpaka Ainabkoi, kwa mlio wa kijana wa rali. Watoto hunisikia kabla ya kengele. Mwalimu mkuu alishakata tamaa.

Sasa hivi karibuni, nikishapanda mlima na injini imepata moto, nikisimama nasikia ngo, ngo, ngo kutoka chini. Mshale wa presha ya oili unalala karibu na sifuri.

Kitabu cha gari kinasema 5W-30. Lakini kitabu kiliandikwa wakati turbo ilikuwa ndogo. Mtandaoni kila mtu ana dini yake. Jana nilienda dukani na muuzaji akanipa kopo la 20W-50, ile ya malori yaliyozeeka. "Hii ni nzito, Madam," akasema. "Inafunika makelele yote." Namba ya kwanza ni jinsi oili inavyokimbia injini ikiwa baridi, ya pili ni jinsi inavyoshikilia ikiwa moto. Hilo nalijua. Kulijua hakunisaidii. Nilisimama mbele ya ile rafu kama mtoto aliyeitwa ubaoni bila kusoma, nikatoka mikono mitupu.

Ukweli ni kwamba sijawahi kuchagua oili. Kinuthia ndiye huchagua.

Kwa hivyo leo nikaenda kwake.

Nilipoingia gerejini nilidhani wameibiwa. Ukutani hakukuwa na spana hata moja. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kinyumenyume mlangoni, imejaa magodoro chini ya turubai, na mkewe, Mama Shiru, alikuwa ameketi mbele na watoto. Kinuthia alikuwa anafungua jiriwa, lile koleo kubwa la kushikia vyuma, ambalo amelifunga kwenye meza kwa bolti tangu nimjue.

Mwaka wa 2013, kabla ya uchaguzi kama huu wa mwezi ujao, aliwapeleka watoto Nakuru na yeye akafuata na begi moja. Jiriwa lilibaki. Sote tulijua atarudi, na akarudi.

Leo analifungua.

Gereji yake ya kwanza ilikuwa Burnt Forest. Ilichomwa wakati wa vita, baada ya ule uchaguzi wa 2007, watu wa kabila lake walipofukuzwa, na yeye na Mama Shiru wakaishi kwa hema pale showground, uwanja wa maonyesho. Mimi nilikuwa msichana wa sekondari, nyumbani likizo. Shamba letu liko juu kidogo ya pale, na niliuona huo moshi nikiwa nimesimama kwenye zizi na mama yangu. Moshi ulikuwa mwingi siku hiyo. Sikujua upi ulikuwa wa nani. Nilikuja kujua miaka baadaye, akiwa amelala chini ya gari langu, akinisimulia kama anayesimulia habari ya jirani.

Leo hakunieleza kwa nini anahama. Mimi pia sikuuliza. Nikasema tu, kijinga, "Nimekuja kukuuliza oili."

Akaweka spana chini. "Washa nisikie."

Akachukua bisibisi ndefu kutoka kwenye pikapu, akagusisha ncha yake chini ya injini na mpini kwenye sikio, akafumba macho. Injini ilikuwa moto bado. Tulikaa hivyo, mvua ikipiga mabati. Mama Shiru alishusha kioo, akatazama, akakipandisha tena.

"Zima," Kinuthia akasema.

Nikazima.

"Madam, hii si maneno ya oili tena. Ni beringi. Zile zinazobeba krenki, ule mhimili wa chini. Zimeanza kulika."

"Kwa sababu ya oili?"

Alipangusa mikono kwa muda mrefu. "Labda. Au labda ni mimi. Siku ile nimefunga turbo kubwa ningekutoa kwa hiyo thelathini nikuweke arobaini. Nikafikiria baridi ya Ainabkoi asubuhi, nikaiacha nyepesi. Sijui. Kusema kweli sijui."

Sijawahi kumsikia akisema sijui.

Akaniambia nitafute 5W-40. Si dawa, akasema, ni ya kunisukuma siku chache tu. Ile nzito nisiiguse, asubuhi itachelewa kufika juu na turbo itazunguka kavu. "Ningekuwa nabaki, Jumatatu tungefungua injini."

Hapo ndipo nikashindwa kunyamaza. "Kinuthia, si uchaguzi utapita?"

"Utapita. Huwa unapita."

"Hakuna mtu atakugusa. Unajulikana hapa. Mimi mwenyewe ni wa hapa."

"Wewe nakuamini, Madam," akasema, kwa upole ulioniumiza. "Barabara ndiyo siamini."

Ningemwambia nini? Ningeahidi kwa mdomo wa nani? Ndugu zangu ni watu wema, majirani zetu ni watu wema, tunasali pamoja kila Jumapili. Na ule moshi niliuona.

Mama Shiru alishuka kwenye mvua akanikumbatia. "Usikasirike, mwalimu. Watoto nimeshaandikisha shule huko Nakuru." Alisema *nimeshaandikisha* polepole, nielewe hakuna kurudi nyuma. Nikaelewa. Nikamsaidia Kinuthia kubeba jiriwa. Ni zito ajabu.

Wakaenda.

Aliniachia ufunguo wa gereji. Mwenye ploti atauchukua mwisho wa mwezi. Nikaenda kwa miguu nikanunua 5W-40 na filta, nikarudi, nikaingia kwenye shimo la kufanyia kazi na spana yangu moja. Kumwaga oili alinifundisha yeye. Nilifungua nati, oili ya zamani ikashuka kwenye karai, nyeusi. Nilipoimulika kwa simu, ilikuwa inameremeta. Unga wa chuma, laini kama ule wanaojipaka wasichana kwenye macho siku ya harusi. Nilichovya kidole nikausugua. Beringi zangu.

Hapo nikajua kwamba haijalishi namimina nini. Nikamimina hata hivyo, yote, taratibu, nikipangusa kila tone lililoanguka kando. Nikawasha.

Hakuna ngo. Injini iliunguruma vizuri, mshale ukapanda juu. Nilikaa ndani nikiwa nimeshika usukani, nikaanza hata kutabasamu. Nikampigia Kinuthia.

Alipokea Mama Shiru. Walikuwa wamefika Timboroa, ukungu mtupu, wanakwenda pole pole. Nikamsikia mumewe akiuliza kwa sauti, juu ya kelele za waipa za kioo, "Gari inasemaje?"

Ndipo injini ikapata moto.

Ngo. Ngo, ngo. Chini ya miguu yangu.

"Mwalimu?" Mama Shiru akaita. "Anauliza imenyamaza?"

Namjua Kinuthia. Ningesema ukweli angetafuta mahali pa kugeuzia, pale pale, na watoto na magodoro, arudi mpaka Burnt Forest, arudi mpaka hapa, kwa barabara ile ile asiyoiamini, kwa ajili ya gari la mwalimu.

Nikazungusha ufunguo. Injini ikazima.

"Imenyamaza, Mama Shiru," nikasema. "Mwambie imenyamaza kabisa."

Nikamsikia Kinuthia akicheka huko kwenye usukani, kicheko chake cha kazi iliyokubali. Halafu mtandao ukapotea.

Nilifunga mlango nikatembea nyumbani kwenye mvua. Gari limebaki gerejini, na oili mpya ndani. Jumatatu nitaamka giza nitafute lifti kwa lori la maziwa linalopanda Ainabkoi, na watoto watauliza mbona hawakunisikia nikija. Nitawajibu kitu. Mwisho wa mwezi mwenye ploti atataka nafasi yake.

Baada ya hapo, sijui. Kusema kweli sijui.